Sauti moja, sauti nyingi, au kitabu mkononi: kuchagua riwaya ya majonzi ya kusikiliza

Mama yangu mdogo alikaa eda Mikindani, miezi minne na siku kumi kama dini inavyoagiza. Wiki ya tatu, watu wa matanga wameshatawanyika, akanipigia simu. "Mwanangu, niletee hadithi. Isiwe ya kuchekesha. Niletee ya mtu aliyefiwa." Macho yake yana mtoto wa jicho na maandishi ya kitabu hayaoni tena, kwa hiyo aliposema nimletee, alitaka ya kusikiliza.

Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ilinichukua zaidi ya wiki mbili. Nilimpelekea vitu vitatu, viwili akavikataa, na kwa kuvikataa kwake nikajifunza mengi kuliko niliyojifunza miaka yote ya kusikiliza peke yangu kwenye basi la Lindi. Haya naandika kwa mtu aliye mahali nilipokuwa: ana simu, ana muda, anataka riwaya nzito ya dhiki au ya msiba, na hajui aichukue kwa sura ipi.

Kimya kinashikwa na nani

Ukiingia msibani huku kwetu unavua viatu mlangoni, unatoa pole, unajibiwa "tumeshapoa", unatafuta nafasi kwenye mkeka. Kisha watu wananyamaza. Hakuna anayehangaika kukijaza kimya kile. Anayeongea sana siku ya kwanza huonekana hakufunzwa.

Riwaya nzuri ya majonzi ina kimya cha namna hiyo. Mwandishi anaeleza kuwa mjane aliikunja kanzu ya marehemu mara nne, akaiweka kashani juu ya nguo za watoto, na aya inaishia hapo. Neno "huzuni" halijatajwa popote. Uzito wote umeachwa kwenye nafasi iliyo kati ya aya ile na inayofuata. Sasa jiulize nafasi ile anaishika nani. Ukiwa na kitabu mkononi unaishika wewe mwenyewe: unainua macho, unatazama nje, unarudi ukiwa tayari. Kitabu cha sauti kikisomwa na mtu mmoja anaishika msimulizi, nawe umemwamini. Kwenye simulizi ya sauti nyingi anaishika mtayarishaji, na mara nyingi anamimina kinanda humo. Mashine ya kusomea haijui kama nafasi hiyo ipo. Itapumzika sawasawa baada ya "akakata roho" na baada ya "akanunua vitumbua".

Mimi huanzia hapo kuchagua. Mambo ya bando na kadi nayapanga baadaye.

Simulizi ya sauti nyingi

Hii ndiyo niliyompelekea kwanza, kwa sababu ndiyo inayopatikana kirahisi. Intaneti imejaa simulizi za sauti, sehemu ya kwanza mpaka ya arobaini, na sikio letu limezoea namna hii tangu enzi za mchezo wa redio. Waliokua miaka ya tisini wanaikumbuka Twende na Wakati, iliyoanza Redio Tanzania mwaka 1993. Faida zake ni za kweli. Mhusika hakupotei, maana kila mmoja ana sauti yake. Mtoto wa darasa la sita anafuata. Mtu ambaye hajawahi kusikiliza kitabu maishani anaanza bila kufundishwa na yeyote.

Mama mdogo alisikiliza sehemu mbili, akanirudishia simu. "Wanalia sana," akasema, "mpaka mimi sipati nafasi."

Nilikwenda nayo nyumbani nikaisikiliza upya, nikaona alichokisema. Hadithi ikigeuzwa mchezo, maelezo ya mwandishi huondolewa na mazungumzo hubaki. Kanzu iliyokunjwa mara nne haina maneno ya kutamka, kwa hiyo inatoka, na mahali pake anawekwa mwigizaji wa kupiga yowe. Muziki unaanza kuomboleza kabla habari ya kifo haijafika, hivyo unajua, unajiandaa, na ikifika haikugusi tena.

Lipo pia tatizo la sauti kupanda na kushuka. Mnong'ono hurekodiwa chini, kilio juu. Uko kwenye basi, unaongeza sauti usikie mgonjwa anausia nini, mara kilio kinalipuka na masikio yanauma. Nyumbani kwenye utulivu hilo halisumbui sana. Barabarani kati ya Mpapura na Mnazi Mmoja, madirisha wazi na upepo unavuma ndani, linachosha kabisa.

Tamthilia ni jambo jingine. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Lindi, iliyotoka mwaka 1969, imeandikwa itamkwe na watu wengi. Wamo Wamatumbi wanaolimishwa pamba ya Mjerumani kwa nguvu, wanaoshukiana ukoo kwa ukoo kabla ya kuungana, na wanaobaki na swali la yale maji ya dawa, waliyoaminishwa kuwa yatawakinga na risasi, baada ya wenzao kufa. Yule mtu mmoja anayegombana na kundi zima humsikii vizuri kama kundi na yeye wanatoka kwenye koo moja. Ukipata kundi linaloigiza kazi kama hiyo kwa sauti, chagua kundi.

Sauti moja

Kwa riwaya, hii ndiyo ninayoiamini kuliko zote, na ndiyo ngumu zaidi kuipata iliyo nzuri.

Nina kipimo changu. Kabla ya kupakua, nasikiliza dakika tano, tena siyo za mwanzo, maana mwanzoni kila msimulizi amejipanga. Naruka mpaka katikati, mahali penye kuagana au kifo. Sauti ikianza kutetemeka kabla mambo hayajafika, naacha. Msimulizi anayefaa husoma kifo kwa sauti ileile aliyosomea safari ya sokoni, labda pole kidogo, kisha anavuta pumzi. Pumzi ile naipenda kuisikia. Wapo wanaozikata pumzi zote wakati wa kuhariri ili kazi ionekane safi, na matokeo yake ni mtu anayeongea kama asiye na mapafu; saa moja ya hivyo inakukaba na wewe.

Sikiliza pia mwanamume anavyosoma maneno ya mwanamke, au mwanamke maneno ya mwanamume. Asibane pua wala asikoromeshe. Kubadili mwendo kunatosha: huyu anasema haraka, yule anasitasita. Kwenye kicheko pua ya kubana inapita. Mama anayemuaga mwanawe akisemewa kwa pua ya kubana, hadithi imekufa.

Halafu matamshi. Msikilizaji wa pwani akisikia "ziki" badala ya "dhiki", au "gafla" badala ya "ghafla", anatoka nje ya hadithi na kurudi ni kazi. Kwa riwaya za Unguja, ambazo maneno yake mengine hata sisi wa kusini tunayakisia, msimulizi wa Unguja anakufungulia nusu ya maana kwa lafudhi yake tu. Nilikuwa nimesoma kurasa kadhaa za riwaya moja ya huko bila kuelewa kwa nini watu wanacheka kwenye ugomvi. Nilipomsikia mtu wa kule akizisoma, nikaelewa, na nikaelewa pia kwamba walikuwa wanacheka ili wasilie.

Usisahau tenzi. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, kuhusu vita vile vya 1905 hadi 1907 vilivyotoka milima ya Kilwa na kusambaa kusini nzima. Tenzi tangu hapo zilikuwa mali ya sikio, zikighaniwa mbele ya watu. Ukisoma kwa macho, beti zinaonekana zinafanana na unaanza kuruka. Zikighaniwa, ile mizani nane nane inabeba maiti na moto kwa mwendo mmoja, bila kupaza sauti, na huwezi kuruka. Kwa tungo za namna hii sioni hata haja ya kulinganisha: sikiliza.

Udhaifu wa sauti moja ni kwamba inalaza. Usiku, kitandani, nimepoteza sura nzima nzima. Programu nyingi za kusikilizia zina kipima muda cha kuzima zenyewe. Weka dakika ishirini, kesho utajua ulipoishia. Na usiongeze kasi. Najua wengi wanasikiliza kwa kasi ya mara moja na nusu ili wamalize vitabu vingi. Kwa mawaidha ya biashara, sawa. Kwenye hadithi ya msiba utakuwa umekifuta kile kimya ulichokitafuta.

Muda, bando na kadi

Ukurasa wa riwaya ya kawaida unasomeka kwa sauti kama dakika mbili na nusu. Kitabu cha kurasa 160 kinakwenda karibu saa saba. Cha kurasa 200, saa nane na ushee. Safari ya kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 560, kwa hiyo kitabu kimoja kinakutosha mpaka Mbagala, kama video ya basi haitakushinda nguvu.

Faili la sauti la kilobiti 64 kwa sekunde, ambalo kwa mtu anayesoma tu linatosha kabisa, linakula megabaiti 29 hivi kwa saa. Kitabu cha saa saba ni megabaiti 200. Kadi ndogo ya gigabaiti 4 inabeba zaidi ya saa 130 za namna hiyo, na hata kiswaswadu chenye sehemu ya kadi kinazicheza. Sauti nyingi zenye muziki zinahitaji ubora wa juu zaidi ili zisikwaruze, hivyo faili linakuwa mara mbili au zaidi. Na nyingi zimewekwa mtandaoni kama video yenye picha moja isiyosogea. Hapo unalipia bando la picha ambayo huitazami. Ishushe ubora wa picha mpaka chini kabisa kabla hujabonyeza.

Mashine ya kusomea

Simu nyingi sasa zinaweza kukusomea maandishi kwa Kiswahili. Kwa asiyeona kabisa, anayetaka kitabu ambacho hakuna aliyekirekodi, ni msaada mkubwa na sitamkatisha tamaa. Kwa mwingine yeyote, siishauri kwa hadithi hizi. Nilisikiliza moja ikisoma "mambo yake yalikwenda barabara" kana kwamba mambo yalikwenda kwenye lami, mkazo umekaa pasipo pake. Mama mdogo alisikiliza dakika kumi, akaniuliza, "Huyu naye amefiwa na nani?" Sikuwa na jibu.

Kitabu mkononi

Karatasi inashinda pale hadithi inapokudai urudi nyuma. Mfano wangu ni Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Yusuf ni mtoto anayechukuliwa na tajiri kwa sababu ya deni la baba yake. Yeye anadhani anasafiri na mjomba. Msomaji anaanza kuhisi kitu kabla mtoto hajajua, na akishajua, unataka kurudi kurasa za mwanzo uone yale maneno ya kawaida ya wazazi, uyasome sasa ukiyaelewa. Kwa kitabu ni kugeuza mkono. Kwa sauti ni kubonyeza nyuma sekunde kumi na tano, kumi na tano, mpaka uchoke. Halafu kuna ule msafara wa kwenda bara, wenye miji na majina mengi. Sikio linayachanganya, jicho linayatenganisha.

Lakini kitabu kinataka mikono mitupu na mwanga, na umeme wetu mnaujua.

Peke yako au pamoja

Hili wengi hawalifikirii, na kwangu lina uzito kama la sauti moja au nyingi.

Msimu wa korosho uliopita nilikuwa Newala kwa bibi. Jioni wanawake wanakaa kubangua: jiwe chini, korosho juu yake, pigo moja la rungu dogo, ganda linapasuka. Maganda yana mafuta yanayobabua ngozi hata korosho zikishakaangwa, kwa hiyo wanajipaka majivu mikononi. Mikono hiyo haishiki kitabu wala haigusi simu. Nikaweka spika katikati, nikawawekea hadithi fupi iliyosomwa na mtu mmoja, ya mama aliyepoteza mtoto kwa homa akiwa njiani kwenda hospitali. Mawe yalikuwa yanagonga ko, ko, ko. Ilipofika mtoto analegea mgongoni, mawe yakapungua, moja moja, mpaka likabaki la bibi peke yake, nalo likasimama.

Wifi yangu akasema, "Masikini." Kisha akaanza kueleza habari za mtoto wake, ambazo mimi niliyeolewa miaka tisa na kaka yake sikuwahi kuzisikia. Nikazima spika. Ile hadithi haikuisha usiku ule na hakuna aliyeiulizia.

Kwa hiyo kwa kikao cha watu, chagua hadithi fupi, sauti moja, spika, na uwe tayari kuiacha njiani. Riwaya ndefu haifai hapo, kwa sababu kesho nusu ya watu hawatakuwepo. Sauti nyingi nazo hazifai, kwa sababu kelele za mawe zinameza minong'ono yote. Riwaya ndefu ni ya hedifoni na njia ndefu, au ya nyumba yenye mtu mmoja.

Hedifoni ina jambo lake, nalo nalisema kwa uzito. Sauti inayosomewa ndani ya sikio, gizani, iko karibu mno. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ni riwaya kubwa na nimeisoma mara mbili, lakini ndani yake mhusika mkuu anajitoa uhai. Mtu aliyefiwa juzi, au aliyeanza kusema kwamba haoni faida ya kuishi, usimpe hadithi ya namna hiyo kwenye hedifoni usiku peke yake. Akiitaka, kaa naye mchana. Na huyo wa pili anahitaji watu na hospitali kabla ya kitabu chochote.

Nilichompelekea mwisho

Riwaya aliyoitaka mama mdogo, niliyomsimulia kwa simu ikampendeza, sikuipata popote ikiwa imerekodiwa. Vitabu vyetu vingi viko hivyo. Nikairekodi mwenyewe, kwa matumizi ya nyumba yetu tu. Kuiweka mtandaoni bila ruhusa ya mwandishi au mchapishaji ingekuwa kumwibia. Nilirekodi kwa simu, nimejifunika khanga mbili kichwani ili chumba kisirudishe mwangwi, baada ya saa nne usiku bodaboda zikipungua. Siku 11.

Kosa nililolifanya, wewe usilifanye. Mafaili niliyaita 1, 2, 3 mpaka 14. Kiswaswadu chake kiliyapanga kwa herufi, kikacheza 1, halafu 10. Mama mdogo akasikia mazishi kabla ya ugonjwa. Akavumilia mpaka mwisho wa faili ndipo akanipigia kuuliza kwa nini wamemzika mtu aliyekuwa anavua samaki. Yaite 01, 02, 03. Na kila sura iwe faili lake, dakika 20 hadi 40, ili mwenye kusikiliza akikatishwa na swala au na mgeni ajue pa kurudia.

Nilipokwenda kuyapanga upya nilimkuta ameshasikiliza karibu yote, kwa mpangilio wake mwenyewe. Nikamwambia nitarekodi tena sura ya tisa, maana katikati jogoo wa jirani aliwika, na mbele kidogo kuna mahali nimenyamaza muda mrefu.

"Pale uliponyamaza," akasema, "ulikuwa unalia?"

"Nilikuwa nakunywa maji, mama."

Akafikiri kidogo. "Usipaguse. Pale ndipo nilipolia mimi."